Mkate Aliopisha Mzee Tak Ui-jun

Mzee Tak Ui-jun alizaliwa tarehe 3 Machi 1935 katika kijiji cha mashamba ya chumvi, wilaya ya Yeonggwang, akiwa kitinda mimba wa Shemasi Tak Gi-man.

Alimaliza shule ya msingi kijijini, akaanza sekondari mwaka 1949. Vita vikamkatiza. Septemba 1950 watu wenye silaha, waliokuwa wakiwasaka Wakristo, walizingira kanisa, wakamkamata kaka yake Ui-seok, mwalimu wa kwaya. Mlangoni wakamuuliza Ui-jun, "Huyu ni nani wako?" Akajibu, "Simjui." Wakamwachia Ui-jun aende. Kaka hakurudi tena.

Kuanzia 1956 alikuwa fundi saa mjini Mokpo. Mteja akilalamika kwamba saa yake inakimbia, alimwambia, "Shukuru, hutachelewa ibadani." Mwaka 1961 alifunga ndoa na Bi Pyo Gyeong-rim, wakajaliwa watoto wawili.

Kila Jumapili alifundisha Biblia darasa la watu wazima. Dhambi aliieleza kwa kina. Sura za neema alizisoma harakaharaka. Na sahani ya mkate wa Meza ya Bwana ilipomfikia, aliipitisha kwa jirani bila kugusa mkate. Hata mkewe hakuambiwa sababu.

Machi 2018 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Shemeji yake, Bibi Seon Bok-nim, mjane wa Ui-seok, alikuja kumwona na gudulia la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Ndipo Mzee alipofungua moyo.

"Shemeji, nilimkana kaka."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya ua, nikasikia. Na yeye alisikia. Walipompitisha karibu yangu alininong'oneza, 'Afadhali mdogo wangu amebaki.'"

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nikimtaja tu, unakimbilia saa zako! Haya, mwalimu wa Biblia, Petro alimkana Bwana mara ngapi?"

"Tatu."

"Na baadaye, kule ufukweni, Bwana akamfanya nini?"

"Alimwita ale."

"Basi wewe ni nani hata ususe?"

Mzee alilia, kisha akacheka mpaka kikohozi kikambana. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili, alipokea mkate kwa mikono miwili. Njiani kurudi alimwambia mkewe, "Nilidhani Mungu bado amesimama mlangoni na lile swali. Kumbe alishawasha moto, akatenga chakula, ananingoja mimi tu." Darasani akarudia sura zote za neema, safari hii polepole.

Alilala usingizi wa mwisho nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 11 Aprili 2019, akiwa na miaka 84, uso umetulia.

Ameacha mjane, Bi Gyeong-rim, watoto, Seon-u na Hye-won, wajukuu watano, na shemeji yake mpendwa, Bibi Bok-nim.

Bwana aliyemkaribisha mezani ampumzishe kwa amani.