Haro Iliyokosa Uzito

Sikilizeni wanangu. Richard, zima hiyo simu, picha za haro unayotaka kununua, ile ya sahani za kuvutwa na trekta kuvunja udongo, nimeziona na jibu nitakupa, lakini kwanza mnisikilize wewe na dada yako Magreth, kwa maana mficha maradhi kifo humwumbua, na mimi Gerson sitaki kuumbuliwa nikiwa tayari chini ya udongo wa Oldonyo Sambu.

Mmekua mkisikia kwamba baba yenu mdogo, Loishiye, alikufa katika shamba letu la nyasi kwa sababu alidandia haro kwa utundu wake. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na ni uongo.

Tulipokwenda mjini kuichagua haro hiyo, Loishiye alishika ile yenye fremu nzito, yenye mahali pa kufungia vyuma vya kuongeza uzito, akasema, "Kaka, ardhi yetu ngumu, vichuguu vingi, hiyo nyepesi itarukaruka tu." Sikupenda kufundishwa na mdogo wangu mbele ya muuzaji, nikachukua nyepesi. Siku ya kwanza tu ikaelea juu ya udongo, naye akacheka. Kicheko kile kiliniuma. Nikamwambia, "Wewe unayejua sana, panda ukae juu, uwe uzito."

"Kaka, naogopa."

"Panda!"

Akapanda, nami nikaendesha. Kwenye kichuguu cha tatu trekta liliruka, na sikugeuka upesi kumtazama, kwa kuwa bado nilikuwa nimenuna. Nilipogeuka, alikuwa ameangukia chini ya sahani, zimekwisha kumpita.

Miaka kumi na tisa sasa. Upepo wa Meru ukishuka adhuhuri, nasikia sahani za chuma zikigongana, nasikia na sauti yake, wala hainilaumu, ni kama ya mtu anayengoja kuruhusiwa. Mara ngapi nimesimama peke yangu kati ya nyasi nikamwambia, "Shuka, mdogo wangu." Hashuki.

Basi Richard, nunua ndogo, sahani kumi na mbili, trekta letu haliwezi zaidi. Lakini fremu iwe nzito, na sahani ziweze kupunguzwa pembe zisizame sana, maana shamba la nyasi husawazishwa, halichimbwi. Ikikosa uzito, funga mawe. Mtu asikae juu yake, hata kwa mzaha.

Ng'ombe mgawane ninyi wawili. Shamba la nyasi, najua Richard ulilitegemea, lakini ni la Sinyati, mjane wa Loishiye, na binti yao Silantoi. Utalipiga haro kwa ruhusa yao, wakikunyima, usinung'unike. Kila Jumapili mama yule ameniletea maziwa, akiniita shemeji, nami nikanywa.

Mungu wa baba zangu awalinde, awazidishie... awape ulimi mwepesi wa kusema nimekosa, kabla... kabla haujawa mzito kama huu wangu.

Magreth, mwite Sinyati. Yuko hapo uani. Akinilaani, asijibiwe na mtu.

Niinueni... nikae. Nisimwambie nikiwa nimelala.

Karibu, shemeji. Sogea... sauti yangu haifiki mbali. Ni habari za Loishiye. Ni mimi... mimi ndiye niliyemwambia apande.