Gramu Mia Mbili na Mstari wa Njano

Miaka thelathini na moja na miezi minne. Huo ndio muda ambao Mkaguzi Mkuu wetu wa magari, yule tunayemwita Mzee Mizani (mbele yake tunasema Mzee tu), amesimama ndani ya banda la ukaguzi la uwanja huu wa mbio. Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa kumi jioni, anakabidhi funguo na kustaafu. Nimepewa ukurasa huu wa jarida letu kwa kuwa nimesoma naye mizani ileile miaka sita, na kwa kuwa, nisijisifu sana, banda zima hakuna mwingine ambaye mwandiko wake unasomeka. Shule niliiacha mapema. Hesabu alinifundisha yeye.

Alianza kwa kusukuma magari, enzi ambazo mizani ilisomwa kwa kuinama. Akapanda kuwa mpimaji. Mwaka wake wa kumi na mbili akakabidhiwa koleo la sili, lile linalobana kipande cha risasi kwenye waya wa injini ili mtu asiifungue kimyakimya. Amefundisha wakaguzi ishirini na wawili. Siku yangu ya kwanza alinipandisha mizani: kilo sitini na tatu. Akasema nusu yake ni maneno.

Ni mtu wa milimita. Aliwahi kulitoa mashindanoni gari la shemeji yake kwa sababu bawa la nyuma lilizidi kimo kwa milimita tatu. Jumapili yake wakaalikwa kula kwa shemeji huyohuyo. Mzee akakalishwa mwisho wa meza, akapakuliwa wa mwisho, na sahani ilipomfikia, shemeji akatangaza, "Nafasi kumi nyuma, bwana mkaguzi, kwa mujibu wa kanuni!" Mzee alicheka hadi akapaliwa. Hakukata rufaa.

Niliambiwa niandike mambo mepesi. Mepesi yameishia hapo.

Kanuni zetu zinasema gari linalobadilishiwa injini au giaboksi kabla ya wakati wake linarudishwa nyuma nafasi kadhaa kwenye mstari wa kuanzia. Sawa. Lakini magari yetu ni kumi na nane. Timu kubwa iligundua zamani kwamba ukibadilisha kila kitu siku moja unapewa adhabu ya nafasi thelathini na tano, na nafasi thelathini na tano hazipo. Mwisho ni mmoja tu. Ukishafika hapo, zilizobaki zinasamehewa, na wiki zinazofuata unatamba na injini mpya. Timu ndogo haina vipuri vya kubadilisha vyote kwa mkupuo. Inabadilisha kimoja kimoja kadiri vinavyokufa, na dereva anarudishwa nyuma kila mara kwa kosa la chuma. Hata mimi niliyekimbia shule naona hesabu hiyo haitoki.

Mzee aliiona kabla yangu. Aliiandikia kamati ya kanuni barua kumi. Aliomba mambo mawili: adhabu inayobaki ihamie mbio zinazofuata, na mavazi ya dereva yapimwe kabla ya mbio, uzito wake uandikwe, ili baada ya mbio asiadhibiwe mtu kwa sababu ya nguo. Kila barua ilirudi na neno moja juu ya muhuri: "Limezingatiwa." Tukaligeuza neno hilo kuwa mzaha wetu. Ukiomba chai ukaambiwa limezingatiwa, ujue hunywi. Yeye alicheka nasi, lakini aliapa hatoki bandani kabla kanuni hazijabadilika.

Kisha zikaja mbio za Machi. Kuna dereva tunayemwita Binti Fundi, kwa kuwa gari lake baba yake ndiye aliyeliunda kwenye gereji yao. Siku hiyo alishinda, mara ya kwanza maishani. Kwenye mzunguko wa kupoza gari akapunguza mwendo karibu na uzio, akavua glavu, akamrushia mama yake. Watu wakapiga makofi, nami pia, mjinga. Dereva mzoefu hafanyi hivyo. Lakini yeye hakuwa na uzoefu wa kushinda.

Mizani ikasema kilo mia sita na kumi na tisa na gramu mia nane. Kiwango cha chini, gari pamoja na dereva wake, ni mia sita na ishirini. Mimi ndiye niliyesoma namba kwa sauti.

Kanuni inataka gari na dereva wapimwe kama walivyotoka barabarani, na kitu chochote kisivuke mstari wa njano uliopakwa mlangoni, maana wapo waliowahi kuingiza vyuma ndani ya chupa za maji. Mama mtu akafika anahema, glavu mkononi, akasimama nyuma ya mstari.

"Baba, si hizi hapa? Bado zina jasho lake!"

"Naziona, mama. Zikivuka leo hizo, kesho zitavuka nondo."

"Kwa hiyo mwanangu ameiba gramu mia mbili?"

"Hajaiba."

"Basi andika kwamba hajaiba."

Fomu ina visanduku viwili tu: limefaa, halikufaa. Mzee akaweka alama kwenye cha pili. Ushindi ukaenda kwa gari la pili, la timu kubwa, ambalo asubuhi yake lilibadilishiwa kila kitu. Kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia lilikuwa limejikokota makusudi, likapata nafasi ya kumi na sita. Adhabu thelathini na tano, likatumikia mbili. Thelathini na tatu sijui zilikokwenda.

Anayeondolewa kwa uzito huanza wa mwisho mbio zinazofuata. Binti Fundi akaanza wa mwisho, na kwenye kona ya kwanza, katikati ya msongamano, wakamsukumia ukutani. Yeye mzima. Gari halikupona. Hajarudi tena.

Zile glavu mama mtu aliziacha palepale juu ya mstari. Mzee aliziokota baada ya kutia saini, akaziweka kwenye mizani ndogo ya kupimia risasi za sili. Gramu mia mbili na kumi. Akazitundika kwenye msumari juu ya meza yake, akarudi kukaa, akaandika barua ya kumi na moja.

Limezingatiwa.

Ya kumi na mbili ilikuwa na mistari miwili: aliomba kuondoka miaka miwili kabla ya wakati wake. Jibu lilirudi siku ya tatu, kwa neno ambalo bandani hatujawahi kuliona: "Limekubaliwa." Hakuna aliyecheka.

Juzi alinikabidhi koleo. Nikamwambia, Mzee, basi glavu nenda nazo. Akasema, "Ziache, kijana. Siku ukiona umezizoea, andika na wewe barua ya kuomba kuondoka."

Asante, Mzee, kwa kutufundisha kusoma namba bila kuipendelea wala kuionea. Barua ya kumi na tatu tumeiandika sisi, imeondoka jana, na jibu lake tunalijua. Nenda nyumbani kwa mkeo, ukae mwisho wa meza kwa hiari yako. Tunakuombea siku nyepesi, zisipimwe na mtu.