Naftaly Irungu Wanyoike na Lango la Njiru

Marehemu Naftaly Irungu Wanyoike alizaliwa tarehe 2 Mei 1939 karibu na Kangema, wilaya ya Murang'a, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wanyoike na Mama Wakiuru. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba kitu cha kwanza alichokifungua kwa bisibisi ni saa ya ukutani ya mwalimu wa kanisa. Aliirudisha ikifanya kazi, ila Jumapili iliyofuata ibada ilikwisha mapema na hakuna aliyelalamika.

Alisoma katika shule ya misheni ya hapo kwao. Masomo yalikatizwa na shida za miaka ya hamsini, lakini alirudi darasani na kumaliza la nane mwaka 1957. Kwa kuwa wapo waliosema matangani kwamba marehemu hakusoma, familia ingependa ijulikane kwamba alisoma. Alichokosa ni karo ya kuendelea.

Mwaka 1958 alikuja Nairobi akaishi Pumwani kwa baba yake mdogo, Mzee Phares Ngigi. Mwaka 1960 aliajiriwa kuwa fundi katika karakana ya reli, akafanya kazi huko hadi alipougua. Alipata nyumba Maringo, na rafiki wa maisha, Bwana Omolo wa Kaloleni, ambaye walifanya naye kazi meza moja na kubishana kila siku bila kugombana hata mara moja.

Mwaka 1968 alinunua gari aina ya Morris Minor la mwaka 1956 kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Wengi wenu mmelipanda. Lilibeba wagonjwa, maharusi na, Pasaka moja, sauti ya tatu yote ya kwaya.

Katika kwaya hiyo alikutana na Mwalimu Waithera, binti wa Mzee Muturi wa Njiru, mwalimu mkuu mstaafu. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Agosti 1975. Alikuwa mume mpole na baba aliyekagua madaftari ya watoto kabla ya kuvua viatu.

Mwaka jana alianza kuugua figo. Alitibiwa kwa miezi minane, akivumilia, na akimweleza kila daktari namna pampu inavyofanya kazi. Alilala tarehe 10 Machi 1987, mkewe akiwa kando yake.

Limebaki jambo la lango. Tangu msiba utokee imesimuliwa, tena sebuleni mwa marehemu mwenyewe, kwamba siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, alivunja lango la wakwe zake kwa kiburi ili asisimamishwe na akina mama. Mwingine ameongeza kwamba alikuwa amelewa. Marehemu hakunywa pombe. Familia haitaki ateremshwe kaburini na jina hilo, na mambo yalikuwa hivi.

Mwezi Juni 1974 marehemu aliwapeleka wazee wake Njiru kujitambulisha. Kwa Mzee Muturi kuna mlima mfupi lakini mkali. Morris ilikata pumzi katikati, na wazee wakapanda kwa miguu, wakaingia na vumbi hadi magotini. Mzee Muturi aliwapa maji ya kunawa, akamwambia marehemu neno moja tu: "Naona wazee wa kwenu wanapenda kutembea."

Marehemu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa Eastleigh alikuwa na Peugeot 404 iliyogonga ng'ombe, ikaharibika yote isipokuwa injini. Injini hiyo ilinunuliwa kihalali, kwa faida ya wanaonong'ona. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Morris. Kwa miezi minne marehemu na Bwana Omolo walikata chuma mbele ya nyumba, wakasogeza rejeta, wakakata ukuta wa mbele ya miguu ya dereva, na boneti ikakataa kabisa kufunga. Bwana Omolo alitazama kazi hiyo akasema, "Irungu, ndugu yangu, hili si gari tena. Ni injini imevaa koti."

Mambo mawili yalibaki. Gia za Peugeot hazikukubaliana vyema na mahali papya, na ya kurudi nyuma haikupatikana. Tena breki zilikuwa zile zile za Morris. Marehemu alisema hayo angeyashughulikia baada ya ruracio, kwani haja yake ilikuwa kupanda mlima, wala si kurudi nyuma.

Ruracio ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974. Kama mila inavyotaka, lango lilifungwa ili akina mama waimbe na kuwahoji wageni, na wageni wajibu kwa wimbo na zawadi kabla ya kufunguliwa. Lakini Morris ilifika kabla ya yeyote kuitarajia, na akina mama walikuwa bado wanafunga leso. Chini ya mlima marehemu alikanyaga mafuta kama alivyozoea kukanyaga kwa miaka sita. Safari hii gari liliitika. Likapanda, likapita katikati ya lango, likasimama ndani ya shamba la viazi. Hakuna aliyeumia.

Shangazi Njoki, kiongozi wa akina mama, aliliendea taratibu, akainama dirishani, akauliza swali lake kama alivyokuwa amejiandaa.

"Nyinyi ni nani, na mmekuja kutafuta nini kwetu?"

Mzee Phares, aliyekuwa ameshika dari kwa mikono miwili, alimjibu, "Mama, tunatafuta breki."

Shangazi Njoki akaamua kwamba hakuna mgeni atakayeingia bila kuimbiwa, kwa hiyo gari litoke nje liingie upya. Ndipo ikabidi marehemu aeleze habari ya gia. Wazee wa pande zote mbili walivua makoti wakaisukuma Morris kinyumenyume kutoka kwenye viazi, Mzee Muturi akiwa kwenye taa ya kushoto. Akina mama wawili walisimamisha lango lililovunjika kwa mikono yao, likaimbiwa, likafunguliwa, na wageni wakaingia kwa miguu, kwa heshima zote.

Ndani ya nyumba haikuwa kicheko. Ndugu zake Mzee Muturi walisema kuvunja lango la mkwe ni dharau, na kijana arudishwe na mbuzi wake. Bibi harusi aliyasikia hayo akiwa jikoni, ameshika sufuria aliyosahau kuiweka chini. Mzee Muturi akamwita marehemu, akamuuliza kwa nini aliweka injini ile.

Marehemu alijibu akiwa amesimama, kofia mkononi. "Baba, mara ya kwanza wazee wangu walitembea, nawe ukaliona. Sikutaka uone hivyo tena."

Mzee Muturi akawageukia ndugu zake. "Wakwe zangu wengine nimewashauri miaka yote na hakuna aliyebadilisha hata soksi. Huyu nilimwambia neno moja, akabadilisha injini. Mbuzi wapelekwe nyuma, walishwe."

Jumamosi iliyofuata marehemu alirudi Njiru kwa basi, akiwa na mbao na Bwana Omolo, akajenga lango jipya. Shangazi Njoki alimwambia aliongeze futi mbili kwa upana, naye akaongeza.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Waithera, watoto watatu, Wanyoike, Wakiuru na Muturi, mama yake mzazi, Mzee Phares, Shangazi Njoki, Bwana Omolo, ambaye ni ndugu, na baba mkwe wake, Mzee Muturi, aliyeketi safu ya mbele na ambaye masikio yake bado ni mazima. Anayelijua lango lile kuliko mwenyewe, aje amweleze.

Mungu ampe Naftaly pumziko lenye amani.