Kiti cha Kumuaga Bwana Miti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkuu wa Mipango wa Mkoa, waheshimiwa madiwani, wapasuaji mbao wenzangu, wageni waalikwa, na wewe mwenyewe tunayekuaga leo, Bwana Miti wetu: habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, tena kwa hesabu, maana mimi nilianza na msumeno wa kuazima, na hesabu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Miaka kumi na sita iliyopita alituletea mpango wa mkoa wa kukuza misitu: miche ya bure, na ruzuku kila mwaka kwa kila mti uliosimama. Nani angekataa? Kila mwaka alikuja mwenyewe kuhesabu, kwa miguu, mvua inyeshe jua liwake, asiruke mstari hata mmoja. Jamani, mtu huyu ni mchapakazi. Ndiyo maana hasara yetu imekamilika.

Mwaka wa saba miti ilianza kubanana. Usipoipunguza, inagombania mwanga, inarefuka bila kunenepa. Nikakata mmoja katika kila miwili. Alipofika akashika kiuno.

"Mama Mbao, umeua nusu ya mradi!"

"Nimekata ili iliyobaki ipumue, Bwana Miti."

"Mimi nahesabu miti, mama. Sihesabu pumzi."

Nikafutwa kwenye ruzuku siku hiyohiyo. Kaka yangu, tuliyepakana naye mashamba, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, wewe kula na serikali hujui kabisa!" Yeye hakugusa hata mmoja.

Mwaka jana akaleta magogo yake kiwandani kwangu. Niliyapima kwa mikono hii. Lile nene kuliko yote halikutoa hata ubao wa rafu. Mnajua ilivyo kumwambia kaka yako wa tumbo moja kwamba miaka kumi na tano ya jasho lake ni kuni? Yule pale nyuma, karibu na mlango. Siku hizi hacheki.

Kwa nini nawaharibia sherehe? Kwa sababu kesho halmashauri inapitisha mpango mpya. Nimeusoma wote. Kilichobadilika ni jalada. Ruzuku bado ni kwa kila mti uliosimama, na watoto wa kaka yangu wameshachimba mashimo. Mheshimiwa Mwenyekiti, nakuomba mbele ya watu wote hawa: ifuteni sentensi hiyo moja. Lipeni kwa unene wa shina, na anayepunguza miti asiadhibiwe. Au mnataka wanangu hao nao waje kuniletea kuni?

Bwana Miti, sisi wapasuaji tumekutengenezea kiti hiki. Miguu ni miti ya kaka yangu. Fundi alisema ndipo pekee ilipofaa. Ubao wa kukalia, mpana, usio na kiungo, umetoka kwenye mti mmoja wa shamba langu, katika ile uliyokataa kuihesabu.

Karibu ukae.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.