Uso wa Rais Kifuani kwa NyaMhango

Benchi liko barazani pa duka langu la cherehani, hapa Mzuzu, njia ya kwenda sokoni, na anayetaka kujua nchi inavyokwenda asipoteze hela kwenye magazeti, aje akae hapa. Mimi ndiye Mkasi. Shule niliiacha darasa la sita, na mpaka leo haijanitafuta. Lakini akina mama wote wa chama wamevaa mikono yangu: sare ya kumpokea Rais, kitenge cha kijani chenye uso wake, na sijampasua pua hata mara moja. Mniletee fundi mwenye digrii anayeweza hilo. Leo ndiyo siku yenyewe. Rais anatua mchana, na manyunyu hayajakata tangu alfajiri. Benchini yupo Jaji, aliyekuwa tarishi wa mahakama akastaafu na akili za mahakimu wote, na Antena, fundi simu, ambaye redio yake haijui kusinzia. Mwenye birika la kahawa na sahani ya mihogo ni mama mmoja, NyaMhango, mchezaji wa mstari wa mbele katika ngoma za chama. Sare yake nimeitundika ukutani. Tangu afike hajaitazama.

— Makamu wa Rais kaachia ngazi, Antena akasema kabla hata hajapuliza kahawa. — Jana jioni. Anasema hawezi kukaa meza moja na mtu asiyesikia.

— Kaachia au kaachishwa? Jaji akauliza.

— Mzee Jaji, kasema mwenyewe redioni! Sauti yake ile ile, ya mafua.

— Basi amebaki waziri wa nishati.

— Yule alishakwenda zamani, mahakama ilipofuta mkataba wa mafuta. Ulikuwa wapi wewe?

— Na huko Karonga je? nikatia yangu. — Nasikia Rais alipofungua mdomo tu, uwanja mzima ukaanza kuimba wimbo wa mazishi. Wa mazishi, jamani! Na mtu mzima kasimama palepale, anatabasamu.

Birika likagonga kikombe. NyaMhango alikuwa amemwaga kahawa kwenye vidole vyake, wala hakuvifuta.

— Wanawake wa Karonga walivaa sare? akauliza.

Antena akaangalia redio yake kama vile ndiyo iliyoulizwa.

— Walivaa, Mama. Mmoja wakamkamata njiani akirudi. Aliingia kwake na gauni la ndani.

— Vijana?

— Vijana wasiomtaka Rais. Sare wakaichoma.

— Haya, akasema NyaMhango. — Nisipokwenda, mwenyekiti wa tawi kesho ananinyang'anya meza yangu sokoni, ameshatamka mbele za watu. Nikienda, vijana wa hapa watanisubiri. Lori la chama linakuja kutuchukua sasa hivi. Ninyi wanaume mnaojua kila kitu, nifanye nini?

Hapo ndipo benchi lilipopata kazi.

— Usihangaike, Antena akasema. — Hatui huyo. Ndege itapita juu kwa juu, moja kwa moja Dubai. Mtakuwa mnachezea mawingu.

— Acha utoto, Jaji akamkata. — Huyu mtu anawapima. Makamu hajaachia chochote, wamepanga wawili. Anajifanya anaanguka ili maadui watoke mafichoni.

— Na kuzomewa kule?

— Alilipia mwenyewe.

— Alilipia aimbiwe mazishi yake?

— Na kwaya aliichagua yeye. Nyie hamjui siasa.

— Basi na mimi niwape, Antena akasogea. — Huyo makamu yumo ndani ya ndege hiyohiyo. Kavaa miwani. Anayeteremka leo siye aliyeondoka.

— Nimeuliza habari ya nguo, NyaMhango akasema.

Habari ya nguo ni yangu. Nikajikohoza.

— Mama, naigeuza nje ndani. Dakika chache tu kwa mkono huu. Kwa ndani uso unaonekana kwa mbali, kama mtu mwenye homa. Chama kinamwona, vijana hawamwoni.

— Rais nje ndani ni kosa la jinai, Jaji akasema.

— Kifungu gani?

— Kipo. Ukishakamatwa utasomewa.

— Avae mbili, Antena akasema. — Chini avae ya upinzani, juu avae ya chama. Akikutana na hawa anavua ya juu. Akikutana na wale anavaa tena.

— Mimi ni mwanamke au kitunguu?

Tulicheka, kicheko kifupi, cha watu wanaosikiliza barabara. Jaji akanigeukia.

— Lakini kosa ni lako, Mkasi. Kwa nini umemweka kifuani kote kote namna hii? Ungemtupa mgongoni huko.

— Kitambaa kina uso mkubwa, mzee. Nikiupandisha, kichwa kinakatika. Nikiushusha nyuma, mvaaji anamkalia Rais. Ulitaka nikafie gerezani?

Nilisema kwa madaha, ila nilikuwa nimeshawaza jambo jingine tangu asubuhi: kila mtu mtaa huu anajua nani alizishona.

Ndipo akaja dereva mmoja kutoka kwenye foleni ya petroli ng'ambo ya barabara. Mtu wa Rumphi, alisema, jina Kayuni, amelala ndani ya gari lake akisubiri mafuta. Akapewa kahawa, akainywa amesimama huku maneno yetu yakimpita masikioni. Akaitazama ile sare ukutani. Akamtazama NyaMhango.

— Samahani, mimi mgeni, akasema. — Wakianza kumvua huyu mama, nani kati yenu atasimama?

Jaji akafungua mdomo, mdomo wenye majibu ya nchi nzima, akautia mhogo. Mimi nikaona uzi kwenye suruali yangu, nikaanza kuuvuta. Ulikuwa mrefu ajabu.

Antena akasimama.

Tukamgeukia wote, hata NyaMhango, na uso wake ukafunguka kidogo.

— Nakojoa narudi, akasema Antena.

Honi ikalia. Lori la chama lilikuwa limejaa akina mama, na hakuna aliyekuwa akiimba. Wengi walikuwa wamevaa masweta, vifungo mpaka shingoni. NyaMhango akamimina machicha ya kahawa chini, akaniambia nimpe nguo yake. Akaivalia nyuma ya pazia langu. Alipotoka ilimkaa vizuri mno, na ile ndiyo sare niliyotamani ningeikosea.

Nikavua sweta langu.

— Vaa, Mama. Kuna baridi.

— Si baridi hiyo, Mkasi, akasema. Lakini akalivaa.

Akafunga vifungo, akaruka kimoja. Kayuni akamshika mkono, akampandisha. Lori likaondoka polepole kwa sababu ya mashimo, naye amekaa nyuma kabisa, anatutazama. Na pale palipokosa kifungo jicho moja la Rais likawa linatuchungulia, jicho moja tu, mpaka lori lilipokata kona.