Marehemu Mathayo Emuria na Mbuzi Aliyekosa Mwenyewe

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Petro Lokorio, Ngare Mara, Isiolo, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1986

Marehemu Mathayo Emuria alizaliwa karibu na Gotu, mtoto wa kwanza wa mzee Lomorukai na mama Akai. Mwaka kamili hatuujui. Mama alisema ni ule mwaka nzige walikula mpaka nyasi za paa. Karani wa vitambulisho akamwambia hakuna mwaka wa jina hilo, akaandika tarehe 1 Januari 1929. Marehemu aliipokea tarehe hiyo bila kubisha, kama alivyopokea mambo mengi ya serikali. Mimi ningebisha.

Shule ya watoto hakuiona, maana mbuzi wa baba walikuwa wengi na wavulana tulikuwa wawili tu, na mimi nilikuwa mvivu. Alibatizwa mwaka 1961 hapa Isiolo, na misheni ikamfundisha kusoma katika darasa la watu wazima. Alisoma Injili akifuata mstari kwa kidole. Ukimkatiza kwa salamu, anarudi mwanzo wa mstari, hata kama alikuwa amebakiza neno moja. Ndiyo maana wengi wenu mlizoea kumngojea pale mlangoni mkiwa kimya.

Mwaka 1952 aliajiriwa kwenye karantini ya mifugo, akafanya kazi hapo mpaka 1974. Wenzake walimpa jina la Sikio. Mbuzi akilia nyuma ya ua, marehemu anakwambia bila kugeuka: huyo ana kiu, huyo ana homa, huyo amepotelewa na mtoto. Hakukosea. Naomba mlishike neno hilo, nitalirudia.

Alimuoa Nakiru mwaka 1954, wakabariki ndoa kanisani mwaka 1968. Katika mahari kulikuwa na dume moja la ng'ombe, jekundu, korofi. Mara wakwe wamelipokea, mara limevunja ua usiku na kurudi kwetu. Baba akasema, nyamaza, wakija kuliuliza tutajua. Marehemu akalifunga kamba akalirudisha kwa miguu. Likatoroka tena, akalirudisha tena. Mkwe wake akacheka, akamwambia, "Wewe utalioa hili dume au utamuoa binti yangu?" Marehemu akajibu, "Mali ya mtu ni ya mtu." Huyo ndiye kaka yangu.

Sasa nimefika mahali pagumu. Padre aliniomba niliruke jambo la mwaka 1977, kwa sababu haya ni mazishi. Nikamuuliza shemeji yangu Nakiru. Akasema, "Ukiliruka, utakuwa umezika mtu mwingine." Basi padre utanisamehe.

Baada ya kutoka karantini, baraza lilimchagua marehemu kuwa askari wa akiba, akapewa bunduki ya kulinda maboma yetu. Wote mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Machi 1977 wezi wa mifugo walivamia boma la jirani yetu mchana kweupe. Walikuja wakitembea polepole kama wageni, bunduki zimefichwa ndani ya shuka, na walipofika karibu wakazitoa. Tulizika watu. Tukaambiwa barazani: mgeni yeyote asimamishwe mbali, ainue mikono yote miwili.

Jumatano tarehe 16 Machi, jua likiwa limeinama lakini bado kuna mwanga, mtu alitokea upande wa kisima. Alikuja moja kwa moja kwenye boma la marehemu, mkono wa kulia ndani ya shuka. Marehemu akaita, "Simama! Inua mikono!" Yule mtu akasimama, akainua mkono wa kushoto. Marehemu akaita tena, "Yote miwili!" Yule mtu akasema neno ambalo upepo ulilichukua, akatabasamu, akapiga hatua mbele. Mkono wa kulia haukutoka. Marehemu akapiga risasi.

Alipomfikia, shuka ilikuwa inalia. Ndani yake kulikuwa na kitoto cha mbuzi kilichozaliwa siku ile, bado kina unyevu.

Aliyelala pale alikuwa Golicha, Mborana mfugaji, mtu tuliyemfahamu kwa mbali kisimani. Mchungaji mwenzake, Dullo, alieleza baadaye. Mbuzi wetu na wao walichanganyika kwenye maji. Mbuzi mmoja, mwenye alama ya sikio ya Emuria, alizalia kichakani, na vijana wetu wakamswaga nyumbani pamoja na kundi, wasijue. Golicha, aliyekuwa ameiona alama ile, akakikuta kitoto. Fisi wangekimaliza kabla ya giza. Akafanya kama mfugaji yeyote hapa angefanya: akakifunga kwenye shuka kifuani, akakishikilia kwa mkono ili kisianguke, akaanza kukipeleka kwa mwenyewe. Angeinua mikono yote, kingeanguka.

Na yule mama mbuzi, jamani, alikuwa analia zizini alasiri yote! Mtu aliyeitwa Sikio alikuwa hapo hapo. Niliwahi kumuuliza kama hakusikia. Akasema, "Nilisikia. Lakini siku hiyo nilikuwa nasikiliza watu." Mpaka leo sijui nilipokee vipi jibu hilo.

Alijipeleka mwenyewe kituoni, akashtakiwa kwa kuua, na kesi ikasikizwa Meru mwezi wa pili, mwaka 1978. Wakili alieleza sheria vizuri sana, nikaielewa kabisa mpaka nilipotoka nje. Ilikuwa hivi: mtu anaruhusiwa kujilinda akiamini kwa dhati kwamba anauawa, na imani yake iwe ile ambayo mtu wa kawaida angekuwa nayo. Mimi nikajiuliza, mtu wa kawaida wa wapi? Mtu wa kawaida wa huku kwetu anajua mkono ndani ya shuka umebeba mwana wa mbuzi. Mtu wa kawaida wa huku kwetu, wiki ile, anajua pia kwamba umebeba bunduki. Wazee washauri wa mahakama walikuwa watatu. Wawili walisema hana hatia, mmoja akasema anayo. Nilipowaangalia, wote watatu niliwaona wana akili.

Jaji akamwachilia. Kisha akaamuru kidhibiti kirudishwe kwa mwenyewe. Kidhibiti, yaani ushahidi uliotunzwa kwa ajili ya kesi, ni yule mwana wa mbuzi, ambaye wakati huo alikuwa amekua, ana pembe, na asubuhi hiyo alikuwa ametafuna kona ya faili la karani. Karani akauliza, "Mwenyewe ni nani?" Marehemu akasema, "Ni wa watoto wa Golicha." Hapo ndipo Kabale, mjane wa Golicha, aliposimama kule nyuma. "Si wetu," akasema. "Ni wa Emuria. Chukua mbuzi wako." Jaji akavua miwani. Mwishowe mimi ndiye niliyemvuta kwa kamba mpaka kwenye lori.

Kule mjini, ninyi ndio mlioamua kesi upya kila siku, na mliiamulia kwenye hoteli yangu ya chai pale mtaa wa Wabera. Meza moja ikisema Emuria ni shujaa, nyingine ikisema ni muuaji, na mimi katikati na birika. Wengine walisema Golicha alikuwa anaiba yule mbuzi, ati hakuna mtu anayetembea mwendo wote ule kwa ajili ya kitoto cha mbuzi. Wapo waliobadilisha meza wakirudi kesho yake. Mtu mmoja alimlipia marehemu chai, akampiga begani, "Kazi nzuri, mzee." Marehemu aliiacha chai pale pale, akatoka. Tangu siku hiyo alinywa chai nyumbani tu. Waliomlaani aliwasalimia. Waliompongeza ndio aliowakimbia.

Watoto nao wakaanza mchezo: wakipita kwenye lango lake wanainua mikono yote miwili. Kisha wakubwa wakaiga kwa mzaha. Kisha mzaha ukageuka desturi, hata padre anainua, hata mimi niliinua mbele ya ndugu yangu wa tumbo moja. Kila mara marehemu alisema maneno yale yale: "Teremsha mikono. Hapa ni nyumbani." Bunduki ya serikali alishairudisha zamani.

Wazee wa pande mbili walikaa, ndugu za Golicha wakapokea mifugo ya fidia ya damu, hilo likaisha. Ambalo halikuisha ni yule mbuzi mmoja. Alizaa, na watoto wake wakazaa. Marehemu hakuchinja wala kuuza hata mmoja wa uzao ule. Kila baada ya mvua ndefu alichagua aliye bora akampeleka kwa Kabale. Na kila mara Kabale alimrudisha mbuzi kutoka langoni kwake. Mwaka jana niliandamana na kaka, nikasikia kwa masikio yangu. Marehemu alisema, "Mama, kubali mmoja tu, nipate usingizi." Kabale akamjibu, bila kupandisha sauti, "Mjini wanasema mume wangu alikuwa anaiba. Nikimweka mbuzi huyu kwangu, nitakuwa nimewapa ushahidi. Alikuwa anakuletea mali yako. Nenda nayo." Tukarudi na mbuzi. Njia nzima marehemu alimvuta kwa kamba mwenyewe.

Mwezi wa tano mwaka huu alianza kukohoa, akakonda. Alilazwa hospitalini kule mjini, akaomba arudishwe nyumbani asikie wanyama. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 1986, asubuhi, Nakiru akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Kabale amekubali?" Nikamwambia bado. Labda ningemdanganya. Sijui.

Ameacha mjane wake, Nakiru, wanawe, Lotukoi na Gabrieli, binti yake, Ekai, wajukuu, mimi mdogo wake, na mbuzi wa uzao ule, ambao nawataja kwa sababu yeye angewataja.

Karatasi mliyoshika inaishia hapo, maana ilichapwa jana. Haya ya mwisho ni ya leo asubuhi.

Tulikuwa tunachimba. Kabale akaja, peke yake, kwa miguu, akasimama langoni. Mikono hakuinua. Hajawahi kuinua kwenye lango lile, na hakuna aliyewahi kumwambia. Akasema, "Salaam aleikum. Mwenyewe ameondoka?" Lotukoi akamwambia ameondoka. Akauliza, "Mbuzi wake walikuwa zizini mwake alipoondoka?" Lotukoi akasema ndiyo, wote. Yule mama akasema, "Basi Golicha amefikisha. Hakuna tena wa kusema aliiba. Sasa nipeni mmoja, wajukuu wangu waje kunywa maziwa yake."

Tukamletea jike mdogo, aliyeachishwa kunyonya juzi tu. Akambeba kifuani, akamfunika kwa leso, akamshikilia kwa mkono wa kulia, akaondoka. Nilitaka kumuuliza kama ni msamaha. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuja Jumatatu, kaka yangu angali hai. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Jumatatu, mwenyewe alikuwa bado yupo, na kumpokea mbuzi siku hiyo kungekuwa kukubali kwamba Golicha aliiba.

Mathayo, mwana wa Lomorukai, Kabale amekubali. Teremsha mikono, ndugu yangu. Umefika nyumbani, pumzika.