Kikao cha Alhamisi cha Dada Yetu

Ndugu, majirani, nanyi wanakikao mliokaa viti vya mbele, kwa niaba ya familia mimi mdogo wake wa mwisho ninawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Gundi, na nikiwakwaruza kidogo kwa ulimi mtanivumilia, maana aliyekuwa akinikanya ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1982, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi nyuma ya soko mwaka 1989, ambako tayari alikuwa akimkutanisha mwenye kitabu na mwenye taa, kisha akapata stashahada ya biashara mwaka 2004, akaajiriwa kama karani katika kiwanda cha maboksi.

Mwaka 2012 aliacha kazi, akaanza kukausha matunda katika gereji ya nyumba ya kupanga, na kwa kuwa hakuwa na wateja wala gari, akawaita wenzake wenye biashara changa waje kunywa chai sebuleni kwake kila Alhamisi asubuhi, kila mmoja na shida yake moja na jina la mtu mmoja anayemjua. Hapo ndipo mwenye juisi alipompata mwenye chupa, mwenye chupa akampata mwenye lori, mwenye lori akamfikisha dada kwenye maduka makubwa, na wote mkanenepa. Hata mume, mhasibu mpole huyu hapa, alimpata kikaoni, wakaoana tarehe 14 Juni 2014, wakajaliwa mabinti wawili.

Sheria ya kikao aliitunga mwenyewe, kwamba anayekosa Alhamisi tatu mfululizo anatolewa, hata awe na sababu gani, na kwenye kundi la simu anafutwa siku hiyo hiyo. Alipotolewa mshona sare, aliyekuwa akimuuguza mtoto wake mwenye surua, dada alisema kikao si wodi, nanyi mkacheka.

Tarehe 27 Februari 2023 dada alilazwa kwa maradhi ya ini, na baada ya wiki mbili za vipimo daktari akatuambia uvimbe unaondoleka ukiwahiwa, ila pale hospitalini hawakuwa na mpasuaji wa ini, tumtafute wenyewe. Dada hakutishika, alisema kikaoni hakosekani mtu anayemjua mtu, akaandika ujumbe kwenye kundi la simu, ukagoma kwenda, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Alhamisi yake ya tatu kukosa na katibu wa kikao alikuwa ameshamtoa. Tukawapigia mmoja mmoja, wengine hamkupokea, wengine mkasema mko kikaoni, mtapiga baadaye.

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Aprili. Jana, hapa hapa msibani, mwenye juisi alikuja na mkewe kutupa pole, mama yetu akamuuliza huyo mke anafanya kazi gani, akajibu kwamba ni mpasuaji wa ini.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomgeuza kitandani bila kununa, majirani mliotupikia, na mshona sare, aliyekuja kila siku kumfulia mashuka bila kuombwa. Wanakikao, tunawashukuru kwa shada lenye nembo za kampuni zenu zote, na tumewaona mkipeana kadi za biashara nyuma ya turubai, endeleeni tu, mwenyewe angefurahi.

Dada, leo ni Alhamisi, wamekuja wote, na wewe upo. Pumzika kwa amani, hakuna wa kukutoa tena.